Uzito wa Sauti

Msomaji mpendwa, iko sifa moja ya muziki ambayo hutamkwa upesi na kufikiriwa kwa nadra, nayo ni uzito. Kijana hupanda matatu, akasikia wimbo ukivuma hata kioo cha dirisha kikatetemeka na kiti kikamgonga mgongoni, akasema, "Muziki huu ni mzito." Ukimwuliza uzito huo uko wapi, atanyosha kidole kuelekea spika. Lakini wahenga walikwisha tuonya kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Ikiwa mvumo ndio uzito, basi debe tupu ni zito kuliko debe lililojaa mahindi, jambo ambalo hakuna mchukuzi wa sokoni atakayelikubali. Ni dhahiri kwamba hapa pana mambo mawili yanayohitaji kupambanuliwa.

Nakusudia katika insha hii kuyapambanua mambo hayo kwa kupima kazi moja. Kazi hiyo ni albamu iitwayo Zango, iliyotolewa mwaka 2023 na bendi kongwe ya Zambia iitwayo WITCH. Bendi hii ilipiga roki nzito katika miaka ya 1970, ikageukia muziki laini wa disko mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha ikanyamaza. Baada ya kimya cha karibu miaka 40 ikatoa albamu mpya, na badala ya kurudi na sauti ya wazee waliochoka, ikarudi na sauti nzito kuliko ile iliyoagana nayo. Watu wengi walishangilia. Mimi nakuomba tusishangilie kwanza, tupime. Na tukimaliza kupima, tushangilie kile kinachostahili.

Wewe unayesoma haya ukiwa Kariokor, au jirani zake Ziwani na Pumwani, una haki ya pekee ya kusema juu ya uzito. Mtaa wako umepewa jina la watu waliobeba. Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918, serikali ya Kiingereza iliwakusanya wanaume wa nchi hii, wengi wao kwa nguvu, wakachukue kwa vichwa na mabega yao shehena za jeshi mpaka katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani, ambayo leo ni Tanzania bara. Makumi ya maelfu hawakurudi. Na walioangushwa na maradhi, njaa na uchovu walikuwa wengi kuliko walioangushwa na risasi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ndimi za watu zikalilainisha jina hilo likawa Kariokor huku Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Mahali penye jina la namna hiyo hapafai kudanganyika juu ya mizigo.

Tena masikio ya watu wa hapa yamezoea sauti kubwa. Ukitoka katika soko la Kariokor, penye vyondo na viatu vya akala, ukaelekea Kamukunji, utalakiwa na nyundo za mafundi wa jua kali wanaokunja mabati kuwa masanduku, majiko na sufuria. Kelele hiyo ni kubwa mno, wala hakuna aiitaye muziki mzito. Kwa nini? Kwa sababu kila nyundo inagonga kwa shughuli yake, na mgongo mmoja haumwitikii mwingine. Hapo tunapata fundisho letu la kwanza: ukubwa wa sauti ni kipimo cha sikio, ila uzito wa sauti hutokana na mpango.

Na tuuangalie mpango huo. Gitaa la umeme hutoa wimbi dogo la sauti ambalo hukuzwa na amplifaya. Amplifaya ikipewa wimbi kubwa kuliko iwezavyo kulibeba, vilele vya wimbi hukatwa vikawa bapa, na katika kukatwa huko huzaliwa sauti nyingine nyingi za juu ambazo hazikuwamo mwanzoni. Sikio huzisikia kama mkwaruzo mnene, mfano wa sauti ya mtu aliyelia mpaka koo likakauka. Mafundi walitengeneza kifaa kidogo cha kukanyaga kwa mguu ili kuleta mkwaruzo huo kwa kusudi, nacho wapigaji hukiita fazi. Ongeza nyuzi zilizolegezwa zikashuka chini, ongeza besi na ngoma zinazotembea pamoja na gitaa hatua kwa hatua, nawe umepata ile inayoitwa roki nzito.

Asili ya mpango huo haiko mbali na mambo ya Kamukunji. Mwaka 1965, katika mji wa Birmingham nchini Uingereza, kijana aliyeitwa Tony Iommi alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha vyuma. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, nao ndio uliokuwa mkono wake wa kubonyezea nyuzi, kwa kuwa alipiga kwa shoto. Hakuliacha gitaa. Alijitengenezea vifuniko vya kuvalia vidoleni, akatumia nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza zaidi ili zisimwumize. Nyuzi zilizolegea zikatoa sauti ya chini na yenye giza, na bendi yake, Black Sabbath, iliyotoa albamu ya kwanza mwaka 1970, ikawa miongoni mwa waasisi wa muziki mzito duniani. Zingatia, msomaji, kwamba sauti ile ilitafutwa na mtu aliyekuwa na maumivu na akataka kuendelea kufanya kazi. Kujifanya mkali hakukuwamo.

Muziki wa namna hiyo ulipata masikio mapema katika Zambia, hasa katika miji ya Ukanda wa Shaba. Nchi ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, shaba ilikuwa na bei, na vijana wa miji ya migodi walisikia redioni na katika santuri nyimbo za Rolling Stones, Jimi Hendrix, Deep Purple na Black Sabbath. Hawakutosheka kusikiliza. Walishika magitaa wakazitia sauti hizo midundo ya kwao na, kidogo kidogo, lugha za kwao. Muziki wao ukajulikana kwa jina la Zamrock. Nairobi haikuwa mgeni wa jambo hili: bendi ya Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga, iliyojiita kwa jina la yale maporomoko makuu ya mto Zambezi, iliishi na kupiga muziki katika mji wetu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Nairobi ilipokuwa kituo kikubwa cha kurekodi na kuchapa santuri katika sehemu hii ya Afrika.

WITCH ndiyo iliyokuwa mashuhuri kuliko zote. Neno hilo kwa Kiingereza ni mchawi, lakini bendi ilieleza kwamba ni herufi za mwanzo za maneno matano yenye maana ya kuwa wamekusudia kuleta ghasia. Mwimbaji wake alikuwa Emanuel Chanda, aliyezaliwa mwaka 1951, ambaye watu walimlinganisha na Mick Jagger wa Rolling Stones kwa mbwembwe zake jukwaani. Naye akaligeuza jina hilo kwa matamshi ya Kiafrika likawa Jagari. Pamoja naye walikuwa Chris Mbewe na John Muma wa magitaa, Gedeon Mwamulenga wa besi, Paul Mumba wa kinanda na Boidi Sinkala wa ngoma. Walirekodi albamu tano katika muda mfupi, miongoni mwake Lazy Bones!! ya mwaka 1975 na Lukombo Vibes ya mwaka 1976. Ukizisikiliza leo, utasikia vyombo vya shida na studio isiyo na anasa. Na juu ya hayo yote utasikia watu wasiomwomba mtu ruhusa.

Kisha mambo yaligeuka. Kati ya mwaka 1974 na 1975 bei ya shaba iliporomoka kwa zaidi ya nusu, na nchi iliyotegemea shaba ikaishiwa. Vita vya ukombozi vya nchi jirani vilivuka mpaka; Lusaka yenyewe ilishambuliwa na majeshi ya Rhodesia, na usiku ukawa wakati wa hofu na amri za kutotoka nje, hata bendi zikalazimika kupiga mchana. Jagari aliiacha bendi akasomea ualimu wa muziki. Wenziwe waliendelea, wakampata mpiga kinanda kijana, Patrick Mwondela, wakarekodi muziki wa disko uliokuwa ukitakiwa na madansa wa siku zile. Hatimaye bendi ikazima. Ndipo ukaja ukimwi, ukawafagia wanamuziki wengi wa kizazi kile katika Zambia. Na katika wale sita niliowataja, Jagari alibaki peke yake. Aliishi kwa kuchimba vito ardhini, huku santuri zake zikitafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani waliokuwa tayari kuzinunua kwa bei ambayo yeye mwenyewe asingeiota.

Kufufuka kwake kulianzia ugenini. Kampuni ya Now-Again ya Marekani ilizikusanya na kuzitoa upya albamu za zamani, watu wa nchi za mbali wakataka kumwona mwenye sauti ile, na Jagari akarudi jukwaani akiwa mzee. Vijana wa Ulaya wakajiunga naye, wakiwamo Waholanzi Jacco Gardner wa besi na Nico Mauskoviç wa ngoma. Mwondela naye akarudi kwenye kinanda. Baada ya kuzunguka na nyimbo za kale kwa miaka kadhaa, wakaingia studio huko Lusaka wakarekodi Zango, jina ambalo wenyewe wamelieleza kuwa ni mahali pa kukutania.

Hiyo ndiyo historia. Sasa tuipime kazi yenyewe, nami napendekeza mizani tatu.

Mizani ya kwanza ni ya sauti. Je, albamu hii ni nzito kwa mpango, au ni kubwa kwa kelele? Kuna jaribio jepesi ambalo huwapa wanafunzi wangu, nawe unaweza kulifanya nyumbani. Chukua wimbo unaosifiwa kwa uzito, uusikilize kwanza katika spika kubwa, kisha katika spika ndogo ya simu. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa sauti za chini kabisa. Mvumo wote unaotikisa kifua hutoweka. Kinachobaki ni mifupa ya wimbo: mahali gitaa linapoingia, mahali linaponyamaza, namna ngoma inavyochelewa kidogo au kuwahi. Wimbo uliotegemea mvumo peke yake hubaki mlio wa mbu. Wimbo wenye mpango hubaki umesimama.

Zango, kwa sehemu yake kubwa, inasimama. Tangu wimbo wa kufungua, By the Time You Realize, gitaa la mkwaruzo halikutumika kama pambo la kupakwa juu. Ndilo linaloushika wimbo kama mhimili. Mapigo yanarudiarudia, na katika kurudia huko mna mzunguko wa ngoma za kwetu, ambazo hazina haraka ya kufika mahali kwa kuwa mahali pake ni palepale zinapochezwa. Kinanda cha Mwondela kinapita katikati kama moshi, kikiunganisha gitaa na sauti ya mwimbaji. Mtu aliyesikia kazi za disko za bendi hii atatambua tofauti mara moja. Zile ziliteleza, hii inakanyaga. Kwa mizani ya kwanza, basi, twaweza kusema uzito upo, na ni wa halali.

Mizani ya pili ni ya maana: sauti hii imebeba nini? Hapa ndipo kazi nyingi za bendi kongwe zinapoanguka. Mzee hurudi jukwaani, akapandisha magitaa, akakaza sauti, ili athibitishe kwamba hajazeeka. Na wimbo mzima ukawa hauna habari nyingine isipokuwa hiyo. Mwaka 2013 Black Sabbath wenyewe, wakiwa na mwimbaji wao wa kwanza Ozzy Osbourne, walitoa albamu iliyoitwa 13, ambayo ilishika nafasi ya kwanza katika Uingereza na Marekani pia. Msimamizi wake, Rick Rubin, aliwahimiza wairudie roho ya albamu yao ya mwaka 1970. Wakafanya hivyo kwa ustadi mkubwa, nami siwezi kuwanyima sifa ya ustadi. Lakini msikilizaji makini atasikia mara nyingi wazee wakijiiga wao wenyewe walipokuwa vijana. Kuna huzuni katika jambo hilo, na huzuni hiyo haikutiwa katika nyimbo. Imebaki nje, kwa msikilizaji.

Katika Zango huzuni imetiwa ndani. Wimbo wa Waile ndio ushahidi bora. Jina lake ni neno la Kibemba lenye habari ya kwenda zake mtu, na Jagari aliutunga mwaka 1978, akakaa nao miaka zaidi ya 40 kabla ya dunia kuusikia katika sahani. Fikiri, msomaji, maana ya jambo hilo. Wimbo wa kuagana ulitungwa na kijana wa miaka ishirini na kitu, wakati wenziwe wengi walikuwa hai. Ulipoimbwa, mtungaji alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 70, na waliokuwa wamekwenda zao walikuwa ni wale wenziwe wenyewe. Lau ungalirekodiwa mwaka ule ule, ungalikuwa wimbo mzuri wa kuachana. Miaka imeuongezea mzigo ambao hakuna fundi wa studio awezaye kuuongeza. Sauti ya Jagari si imara kama zamani. Inapasuka mahali, inakwaruza mahali, na mkwaruzo wake umeoana na mkwaruzo wa gitaa hata usijue kilio ni cha nani. Huo ndio uzito ninaousema.

Tena lugha zimesaidia. Albamu za zamani za WITCH ziliimbwa zaidi kwa Kiingereza, kwa kuwa vijana wale waliamini kwamba roki ina lugha yake. Katika Zango, Kibemba na Kinyanja vimepewa nafasi kubwa. Msomaji wa Kiswahili hatapotea kabisa: akisikia Unimvwesha Shuga, atatambua shuga kuwa sukari, na kama ana sikio la kuchambua maneno, atahisi katika kitenzi kile undugu wa lugha zetu, kwamba mtu anafanywa asikie utamu. Nyimbo za lugha hizi ndizo zilizokaa vizuri zaidi juu ya mapigo, kwa sababu silabi zetu huishia kwa irabu, na irabu hukubali kuvutwa juu ya gitaa refu bila kukatika. Zile za Kiingereza, kama Streets of Lusaka, zina nguvu, ila nguvu yake inatoka zaidi katika vyombo kuliko katika kinywa.

Mizani ya tatu ni ya ukweli wa jina. Yupo atakayeuliza, na ana haki ya kuuliza: ikiwa katika bendi ya awali amebaki mtu mmoja, na gitaa, besi na ngoma zinapigwa na wageni wa kutoka Ulaya, je, hii ni WITCH au ni jina la WITCH? Swali hili lisipuuzwe kwa maneno ya adabu. Wafu hawawezi kutetea jina lao.

Jawabu langu ni hili. Ngoma ikipasuka ngozi huwambwa upya, na hakuna asemaye kwamba ngoma ya ukoo imekufa maadamu mzinga ni ule ule na mpigaji anazijua hatua. Huku kwetu tumeliona jambo hilo mara nyingi. Bendi ya Msondo Ngoma ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz. Ikawa Juwata, ikawa OTTU, na kila jina lilipita na wanamuziki wakapita, lakini mashabiki waliendelea kuucheza msondo wakijua wanacheza nini. Bendi, basi, si orodha ya watu peke yake. Ni namna ya kupiga inayopokezwa. Swali la haki ni hili: je, imepokezwa? Ninaposikia Zango nasikia kwamba wale Waholanzi wamejifunza. Hawapigi kama watu wanaomsaidia mzee. Wanapiga kama watu waliokaa miguuni pake. Na isitoshe, amekuja mtu wa damu yenyewe. Sampa the Great, mwimbaji aliyezaliwa Zambia mwaka 1993, ambaye mjomba wake George Kunda alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa WITCH, ameghani katika wimbo wa Avalanche of Love. Hapo kizazi cha tatu kimeshika mzinga.

Sasa niseme kasoro, kwa maana uhakiki usio na kasoro ni tangazo la duka. Kasoro ya kwanza ni kwamba wageni waalikwa ni wengi, na mahali pengine karamu imemficha mwenyeji. Avalanche of Love ninayoisifu kwa ukoo wake, siwezi kuisifu sana kwa muundo wake. Sehemu ya kughani na sehemu ya kuimba zimekaa jirani kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja, zisizogongeana mlango. Kasoro ya pili ni usafi. Mkwaruzo wa mwaka 1975 ulitoka katika vyombo vilivyokuwa vikizidiwa kwa kweli. Mkwaruzo wa mwaka 2023 mara nyingine umepangwa kwa uangalifu mno, hata ghasia iliyoahidiwa na jina la bendi ikawa ghasia iliyoombewa kibali. Kasoro ya tatu si ya wanamuziki pekee. Muziki huu ulifufuliwa na soko la ng'ambo, ukatolewa na kampuni za ng'ambo, na msikilizaji wake wa kwanza yuko ng'ambo. Ni rahisi zaidi leo kumkuta kijana wa Amsterdam aliyemwona Jagari jukwaani kuliko kumkuta kijana wa Kariokor aliyelisikia jina lake.

Kasoro hii ya tatu ndiyo inayotuhusu sisi, nayo ndiyo sababu ya kuandika insha hii katika kitabu cha wanafunzi. Tusiwacheke Wazambia kwamba walisahau mali yao mpaka wageni wakaifukua. Mitaa yetu ya mashariki mwa Nairobi imejaa wazee waliopiga magitaa katika kumbi za jumuiya na katika vilabu vya dansi, ambao leo hukaa kwenye mabenchi mbele ya nyumba zao bila mtu wa kuwauliza neno. Baadhi yao walirekodi santuri. Wengine hata santuri moja hawakubakiza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: sisi tunawapita tukidhani hawana walichobeba. WITCH iliponea kwa tundu la sindano, kwa bahati kwamba mtu mmoja alibaki hai na santuri chache zilivuka bahari. Bendi ambazo hazikupata bahari wala mtu mmoja, hizo zimekwisha, wala hakuna albamu ya kurudi itakayozirudisha.

Kwa hiyo nakupa kazi mbili, msomaji. Ya kwanza ni ya sikio. Utakapoambiwa kwamba muziki fulani ni mzito, uulize mizani tatu: uzito huo uko katika mpango au katika spika? Umebeba nini? Na anayeubeba amepokezwa na nani? Ukipata majibu, sema hukumu yako bila woga, hata kama ni ya kumpinga mtu mashuhuri. Kazi ya pili ni ya mguu na kalamu. Tafuta mzee mmoja wa mtaa wako aliyepata kupiga chombo. Nenda kwake na daftari. Muulize alipiga na nani, wapi, kwa gitaa la nani, na wimbo gani aliutunga ambao haukurekodiwa. Huenda ana Waile yake mwenyewe, ameishika miaka 40, akingoja mtu wa kuuliza.

Hukumu yangu juu ya Zango ni kwamba ni kazi nzito kwa maana iliyo bora ya neno hilo. Ina kasoro, na nyimbo zake hazilingani. Lakini palipo na ubora, ubora huo hautokani na kelele wala na huruma tunayomwonea mzee. Unatokana na mtu aliyebeba mzigo wa wenziwe kwa miaka mingi, akaufikisha bila kuutua njiani kwa ajili ya kusifiwa. Mwaka 2025 bendi hii ilitoa albamu nyingine iitwayo Sogolo, jambo lionyeshalo kwamba safari haikuwa ya kuaga tu. Isikilize nayo, uipime kwa mizani zile zile, na usikubali hukumu yangu mpaka masikio yako mwenyewe yameikubali.